Hela Zilizonitangulia

Karibu kila mkusanyaji ninayemfahamu anakusanya vitu vya wakati ambao yeye hakuwepo. Mwenye santuri anatafuta za miaka ya 1960, ingawa yeye alikua na kaseti. Mwenye stempu anapekua zile zenye picha ya mfalme wa Uingereza, ingawa alisoma darasani chini ya picha ya Mwalimu Nyerere. Mimi nilizaliwa Mbinga mwaka 1996, na ninakusanya sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ya kwanza ilitolewa mwaka 1890, ya mwisho mwaka 1916. Kati ya sarafu hiyo ya mwisho na mimi kuna miaka 80. Sarafu za utotoni mwangu sina hata moja. Zote niliziachia dukani.

Jambo hili limenishughulisha kwa muda mrefu. Tungetegemea mtu atunze vitu vya maisha yake mwenyewe: shilingi aliyopewa Sikukuu, tiketi ya basi lililompeleka sekondari. Badala yake anatumia mshahara na usingizi wake kutafuta vitu ambavyo havijawahi kumhusu. Kwa nini tunavifuata vitu vilivyotutangulia? Na tukivipata, tunakuwa tumevitendea haki au tumevidhulumu?

Marekani swali hili linaonekana wazi kwenye kadi za michezo. Ni vipande vya karatasi ngumu vyenye picha ya mchezaji upande mmoja na rekodi zake upande wa pili. Zamani viliwekwa kwenye pakiti za sigara, baadaye vikauzwa pamoja na jojo za watoto. Seti ya besiboli ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952 ina kadi 407, na wapo watu waliozaliwa miaka ya 1980 na 1990 wanaoikusanya kadi moja moja kwa miaka mingi. Agosti 2022 kadi moja ya seti hiyo, yenye picha ya Mickey Mantle, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Mantle alicheza mechi yake ya mwisho mwaka 1968. Wengi wanaoitamani kadi yake hawakuwahi kumwona akishika gongo.

Jibu la haraka ni kwamba wanafuata pesa. Kwa wengine ni kweli, na huku kwetu tunalijua vizuri jibu hilo. Nenda kijiji chochote cha Ruvuma useme unatafuta rupia ya Mjerumani, watu watakusogelea. Utaambiwa kuna tajiri anayetoa mamilioni kwa sarafu moja. Utaambiwa rupia halisi huvuta punje za mchele. Utaonyeshwa mlima ambao Mjerumani alizika masanduku kabla ya kukimbia, na mashimo yaliyochimbwa usiku na watu waliotoka mikono mitupu. Lakini mtafuta rupia wa aina hii si mkusanyaji. Akiipata leo, kesho ameiuza. Mkusanyaji akiipata anaiweka karibu na wenzake, kisha anakaa akiitazama nafasi iliyobaki wazi. Anachokitaka kinakaa kwenye nafasi ile.

Jibu la pili ni kwamba tunaikumbuka zamani kwa huzuni tamu. Nalo halisimami. Mtu hukumbuka alichowahi kuwa nacho. Mimi sina cha kukumbuka cha mwaka 1908. Na kama ningekuwepo, nisingeufurahia.

Nadhani sababu ya kwanza ya kweli ni kwamba seti ya zamani imekwisha. Chukua hizi sarafu zangu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1890 na pesa, sarafu ndogo ya shaba. Upande mmoja ina tai, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu yanayoitaja kampuni hiyo, kwa sababu waliokuwa wakifanya biashara pwani walisoma Kiarabu. Hata jina halikuwa lao. Pesa ni neno lililotoka Bara Hindi. Ikaja rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa: rupia moja ikawa na heller 100. Heller ndiyo hela, neno tunaloendelea kulitumia kila siku tukilalamika kwamba hatuna.

Kisha vita vikaja. Meli za Uingereza zikaifunga pwani, sarafu kutoka Berlin na Hamburg zikakoma kufika, na serikali ya Kijerumani ikachapisha noti kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli mjini Tabora, wakatengeneza sarafu wenyewe kwa shaba nyekundu na shaba nyeupe: hela 5 na hela 20 zenye sura mbovu mbovu. Wakatengeneza pia ya dhahabu, ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba ya mwaka huo majeshi ya Ubelgiji yakaingia Tabora. Seti ikafungwa. Hakuna atakayeamka kesho atoe hela mpya ya mwaka 1917.

Sasa zilinganishe na shilingi yetu. Seti ya kwanza ya Tanzania ya mwaka 1966 ilikuwa na senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye mwenge. Baadaye zikaongezwa nyingine, nyingine zikafa kimya kimya kwa kukosa cha kununua, na mwaka 2014 ikaja sarafu ya shilingi 500. Itakuja nyingine. Seti ya wakati wetu haiwezi kukamilika kwa sababu sisi wenyewe bado tunaendelea.

Kijana wa miaka ishirini na kitu anaishi katikati ya mambo ambayo hayajafungwa. Ameomba kazi mahali saba, anasubiri majibu. Uhusiano wake haujulikani unakwenda wapi. Nchi yake ina mipango ya kufika mwaka fulani, na mwaka huo ukifika unatajwa mwingine. Katika maisha ya namna hiyo, kukuta kitu chenye mwanzo, mwisho, na idadi inayohesabika ni pumziko. Seti iliyotutangulia inatupa kile ambacho hatuwezi kukipata kwa maisha yetu wenyewe, yaani kuona jambo zima, kwa sababu yetu tutakapofika mwisho hatutakuwepo kuyatazama.

Lucretius, mshairi wa Roma wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alikuwa na hoja maarufu dhidi ya hofu ya kifo. Kwa maneno yangu ni hivi: itazame nyuma ile milele iliyopita kabla hujazaliwa. Haikukusumbua, hukuililia. Basi milele inayokuja baada ya kifo chako ni kioo cha ile ya kwanza, nayo usiililie. Ni hoja nzuri, lakini kila mkusanyaji anaitilia shaka bila kujua. Yeye hawezi kukaa kimya mbele ya ile milele ya kwanza. Kwake, kwamba dunia ilikuwa imejaa watu, masoko, vita na mapenzi bila yeye kualikwa ni jambo linalokera na kuvutia kwa pamoja. Anapoishika sarafu ya 1908 anajaribu kuingia kwenye chumba ambacho mazungumzo yake yalikwisha kabla hajafika. Hatuombolezi wakati ule. Tunataka tu tusiwe tumekosa kila kitu.

Hadi hapo mkusanyaji anaonekana mtu asiye na hatia. Shida inaanza kwenye gredi.

Mbinga neno gredi linajulikana kwa kila mtu kwa sababu ya kahawa. Mkulima anajua kwamba punje kubwa zilizo safi zitaitwa AA, na ndogo zitashuka chini, na bei inafuata. Kadi za michezo nazo zina gredi, kuanzia 1 mpaka 10, na sarafu zinapewa alama mpaka 70. Lakini kuna tofauti kubwa. Gredi ya kahawa inaeleza jinsi punje itakavyomfaa mnywaji. Gredi ya sarafu inaeleza jinsi sarafu ilivyokwepa kumfaa mtu yeyote. Alama za juu kabisa ni za sarafu ambayo haikuwahi kuingia mzungukoni: haikununua chumvi, haikufungwa kwenye kona ya khanga, haikuhesabiwa kwa vidole vyenye jasho.

Kwenye kadi ni vilevile. Kadi ya mwaka 1952 ilitengenezwa ili mtoto aishike. Watoto walizibadilishana, walizifunga kwa mpira, walizibana kwenye spoku za baiskeli zipige kelele, kama sisi tulivyobana kopo la plastiki kwenye tairi. Kadi zilizofanya kazi hiyo leo zina thamani ndogo. Yenye thamani kubwa ni ile ambayo hakuna mtoto aliyeicheza. Isitoshe, sehemu ya masanduku ya toleo la mwisho la seti ile yalikosa mnunuzi, na karibu mwaka 1960 kampuni ikayatupa baharini. Hiyo ni sababu mojawapo ya kadi za toleo hilo kuwa adimu. Soko linapenda kilichonusurika na matumizi, kisha linakiita kumbukumbu ya watu waliokitumia.

Sarafu yenye alama za juu kuliko zote nilizonazo ni hela moja yenye herufi J, alama ya mji wa Hamburg ilikotengenezwa. Niliinunua mtandaoni kutoka kwa mtu anayeishi Hamburg. Inang'aa. Inawezekana kabisa kwamba haikuwahi kupanda meli: sarafu ya Afrika Mashariki ambayo Afrika Mashariki haijawahi kuiona. Kwa kanuni za soko, hiyo ndiyo bora.

Na hapa Ruvuma sarafu hizi zilikuwa na kazi maalumu. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, nyumba ya kawaida ya kijijini ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Ukizivunja ni pesa 192 za hesabu ya kwanza, au hela 300 za hesabu ya baadaye. Kwa mtu aliyelima mahindi na maharage mlimani, au aliyevua ziwani na kubadilishana samaki kwa unga, rupia hazikuoteshwa wala kuvuliwa. Ilibidi azifuate zilipo: kwenye barabara ya serikali, kwenye mzigo wa mfanyabiashara, kwenye shamba la mzungu mbali na kwao. Kodi ilitengeneza haja ya sarafu, na haja ya sarafu ikatengeneza vibarua. Mwaka 1905 watu wa kusini wakachoka, Vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, kilomita kama 100 kutoka Mbinga, makumi ya viongozi wa Wangoni walinyongwa. Hela zilizokuwa zikizunguka mwaka ule ni hizi hizi nilizozipanga kwenye albamu yenye vifuko vya plastiki.

Ukiteremka kutoka milima ya Umatengo mpaka ziwani, Mbamba Bay na kisha Liuli, unakuta mwisho wa hadithi yenyewe. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba mmoja uliowakumbusha sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaja na kuipiga mizinga. Nahodha Mjerumani alikuwa akifahamiana vizuri na yule Mwingereza, na habari kwamba vita vimeanza zilikuwa hazijamfikia. Ninayo hela 10 ya mwaka huo wa 1914. Ukiitazama bila kujua lolote ni chuma cheupe chenye tundu katikati na taji juu. Ukijua, ni ya mwaka ambao Ziwa Nyasa liliingia vitani kabla watu wake hawajaambiwa ni vita vya nani.

Basi ninaporidhika kwamba seti yangu inaelekea kukamilika, ninaridhika na nini hasa? Mstari huu unaopendeza ulikuwa, kwa mzee fulani wa hapa, miezi ya kazi asiyoitaka. Kadiri unavyozidi kung'aa ndivyo unavyozidi kumficha.

Hoja hii ingebaki ya kitabuni kama nisingekutana na bibi mmoja, si mbali na Liuli, wakati wa kiangazi. Ni bibi wa rafiki yangu. Mjukuu wake mwingine alikuwa amemwambia kwamba ana rupia ndani, na kwamba kuna watu wanatoa mamilioni. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi, akanipa kiti. Kisha akaitoa shingoni, ilikuwa kwenye uzi mweusi pamoja na ufunguo wa sanduku. Ilikuwa hela 10, ile yenye tundu. Tundu lenyewe upande mmoja lilikuwa limelika kwa miaka mingi ya uzi. Mwaka ulisomeka kwa taabu: 1910. Nilikuwa na ya 1908, ya 1909, ya 1911 na ya 1914. Ya 1910 nilikuwa sina.

Nilimwambia ukweli. "Bibi, hii siyo rupia, ni hela kumi. Ziko nyingi duniani, na hii imechakaa. Bei yake ni kama kilo mbili za nyama."

Alinyamaza kidogo. Mjukuu aliyemjaza matumaini alitoka nje.

"Sasa mjukuu wangu," akasema, "kama bei yake ni nyama ya siku moja, mbona wewe umeitolea macho hivyo?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri zaidi kuhusu ukusanyaji. Nilimweleza kuhusu seti na nafasi ile iliyo wazi. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayeeleza mchezo wake. Kisha yeye akaeleza. Sarafu ilikuwa ya babu yake, mzaa baba, ambaye alimwona kwa macho alipokuwa mtoto mdogo. Babu alienda kubeba mizigo mbali, mara mbili, kwa ajili ya kodi. Mara ya pili, baada ya kulipa, ilibaki hii. Hakuinunulia kitu. Alisema ndiyo pekee iliyokuwa yake, nyingine zote zilikuwa za Mjerumani zikirudi kwa Mjerumani. Akataja jina la babu yake, na la baba wa huyo babu, na mahali kaburi lilipo.

Wapo watakaosema jibu la kiadilifu hapo ni moja: usiinunue, mwachie bibi urithi wake. Nililiwaza hilo, na naona ni jepesi mno. Bibi alikuwa na haja ya fedha, ndiyo maana sarafu ilitoka shingoni. Kumkatalia ili mimi nilale nikijiona mtu mwema ni kumtoza yeye gharama ya dhamiri yangu. Kumpa fedha na kumwachia sarafu kungemfanya omba-omba nyumbani kwake, mbele ya wageni. Na kuinunua kama ninavyonunua nyingine, niitie kwenye kifuko chenye kibandiko cha mwaka na chuma chake, kungekuwa kumuua yule babu mara ya pili.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuelezea wakati. Kwa maelezo yake, mtu akifa hatoki mara moja katika Sasa. Anaendelea kuwemo maadamu yupo mtu aliyemjua, anayeweza kumtaja kwa jina. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua hivyo, ndipo anazama katika Zamani, ile bahari kubwa isiyo na majina. Wanazuoni wamebishana naye kuhusu mengi, hasa kama kweli Waafrika wote wanauona wakati hivyo. Lakini kwa jambo hili moja, siku ile Liuli, alikuwa sahihi. Bibi yule ana zaidi ya miaka themanini. Pengine ndiye mtu wa mwisho aliye hai aliyemwona babu yule. Kati ya Sasa na Zamani kilichobaki ni pumzi zake na kipande cha chuma chenye tundu lililolika.

Hapo niliona ninachokitaka katika vitu vilivyonitangulia. Nilidhani nataka kuingia kwenye wakati ambao sikuwepo. Lakini sarafu inayong'aa kutoka Hamburg hainiingizi popote, kwa sababu yenyewe haikuwepo pia. Ina mwaka, haina mtu. Mlango wa kuingilia Zamani ni mtu, na alama za mtu juu ya sarafu ni zile zile zinazoishusha gredi yake: mchubuko, kulika, jasho, uzi. Soko linatufundisha kuvipenda vitu kwa jinsi vilivyoepuka watu. Mkusanyaji mwenye akili inabidi ajifunze kinyume chake.

Wapo watakaosema hii ni huruma ya kupita kiasi. Nina sarafu nyingi, na karibu zote hazina jina la mtu. Nilizinunua kwa wachuuzi Dar es Salaam, Songea na mtandaoni. Nizitupe? Hapana. Kuna tofauti kati ya kutojua na kujifanya hakuna cha kujua. Sarafu iliyolika isiyo na jina bado inasema kwamba ilipita kwa watu. Wajibu wangu kwake ni kuandika ninachokijua, yaani niliipata wapi na lini, na kutoisugua kwa majivu na ndimu ili ipendeze kwenye picha. Kuisugua ni kufuta vidole vya mwisho vilivyobaki.

Nyumbani kuna mfano wa namna nyingine ya kutunza kilichotutangulia. Wamatengo wanalima ngoro: nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, udongo huchimbwa na kufunika nyasi hizo, na mlima mzima unabaki na mashimo yanayozuia maji kuubomoa. Hakuna anayeishi leo aliyevumbua ngoro. Ni za zamani kuliko sisi sote. Lakini hazikai kwenye albamu. Baada ya misimu michache zinafukiwa na kuchimbwa upya, na shimo la mwaka huu si lile la babu. Kinachorithiwa ni kazi yenyewe, na mikono inayoijua. Neno hela limetunzwa hivyo hivyo. Sarafu yenyewe ilikufa na utawala uliyoileta, neno likabaki kwa sababu hakuna aliyeliweka kabatini. Linapita midomoni mwa mamilioni kila siku, limelika, heller imebaki hela, na linafanya kazi.

Sarafu ya chuma haiwezi kuchimbwa upya kama ngoro. Lakini inaweza kutunzwa kwa namna isiyoikata na watu wake, na njia hiyo aliitoa bibi mwenyewe. Alipomaliza hadithi aliikata ile nyuzi kwa wembe, ufunguo akauweka mapajani, sarafu akaniwekea kiganjani.

"Sikuuzii," akasema. "Nakukabidhi. Fedha zako nazichukua, nina kazi nazo. Andika jina la babu. Akija mjukuu wangu yeyote na fedha kama hizi, umrudishie yake."

Kiswahili kina neno kwa kitu cha namna hiyo: amana. Mwenye amana anakishika kitu kwa mikono miwili na hawezi kusema ni chake. Hawezi kukiuza bei ikipanda, hawezi kukibadilisha sura, na anajua kwamba siku moja mlango utabishwa. Nimekuja kuamini kwamba hivyo ndivyo vitu vyote vilivyotutangulia vinavyotufikia, hata vile visivyo na bibi wa kutuwekea masharti. Waliovitumia wameondoka, watakaovidai hawajafika. Sisi tupo katikati, na jina letu si la mwanzo wala la mwisho kwenye orodha.

Kwa hiyo seti yangu ya hela 10 sasa haina nafasi iliyo wazi. Ya 1910 iko mahali pake, na nyuma yake kuna karatasi yenye majina mawili na mahali pa kaburi. Majina hayo siyaandiki hapa, ni ya kwao. Kwenye orodha ya bei karatasi ile haiongezi hata shilingi. Nimemwachia rafiki yangu namba yangu ya simu, na ndugu zake wanaijua. Kila ninapoifungua albamu naijua nafasi inayoweza kuwa tupu tena wakati wowote, na ni hiyo ninayoitazama kwanza.